Mnyweshaji wa Mfalme: Neno na Cheo Chake

Mwaka mmoja nalikuwa nikifundisha kitabu cha Nehemia, nikafika mwisho wa sura ya kwanza, pale mwenye kitabu anapotaja kazi yake kwa maneno machache tu, kwamba alikuwa mnyweshaji wa mfalme. Mwanafunzi mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, mfalme huyo alikuwa hawezi kunywa mwenyewe?" Darasa zima likacheka. Mwenzake akadakia, "Wanaonyweshwa ni ng'ombe." Na wa tatu, mtoto wa nyumba isiyogusa pombe, akauliza kwa uso wa mashaka kama ni kweli kwamba mtu wa Mungu alikuwa akimimina pombe katika nyumba ya mpagani. Naliwajibu kwamba Nehemia alikuwa mtumishi wa mezani, kama boi katika nyumba ya wakubwa, nasi tukaendelea mbele.

Jibu lile lilikuwa kosa, nami naandika haya ili kulisahihisha, kwa kuwa nasikia walimu wengine hujibu vivyo hivyo. Kama Nehemia alikuwa mtumishi wa mezani tu, basi sura ya pili haifahamiki hata kidogo. Kwa nini mfalme wa Waajemi, mwenye kutawala toka Bara Hindi hata Kushi, autazame uso wa mtumishi na kuuliza habari ya huzuni yake? Kwa nini mtumishi yule, alipoulizwa swali la upole namna ile, akaogopa mno? Tena ilikuwaje mtu wa kumimina vikombe apewe siku ile ile barua kwa maliwali, amri ya kukatiwa miti katika msitu wa mfalme, maakida wa jeshi na wapanda farasi, na baadaye uliwali wa Yuda kwa miaka 12? Asiyejua cheo cha mnyweshaji husoma mambo hayo kama hadithi ya bahati njema.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiebrania mtu huyu huitwa mashke, nalo latoka katika kitenzi chenye maana ya kumfanya mtu au kitu kinywe. Kitenzi hicho ndicho kilichotumika katika Mwanzo sura ya 29, Yakobo alipolivingirisha jiwe kisimani akawanywesha kondoo wa Labani. Tena ndicho kilichotumika katika sura ya 2, ukungu ulipopanda ukaunywesha uso wa nchi. Kwa hiyo yule mwanafunzi aliyetaja ng'ombe hakukosea sana. Mwebrania naye alikuwa na neno moja kwa kondoo, kwa shamba na kwa mfalme. Waarabu wana neno saki kwa mtu anayemimina kinywaji, na Waashuri walisema shaku; yote ni ya shina moja.

Kiswahili kimeifuata njia ile ile, wala hakikuazima kitu. Toka -nywa twapata -nywesha, na toka -nywesha twapata mnyweshaji. Ndugu yao ni kinywaji, na hata kinywa chenyewe, maana katika lugha yetu kiungo hiki kimepewa jina kwa kazi ya kunywa, si kwa kazi ya kula wala ya kusema. Majirani zetu Waganda wameshika njia nyingine. Biblia ya Luganda, iliyokamilika mwaka 1896, yamwita mtu huyu musenero, na jina hilo latokana na kusena, yaani kuteka kwa chombo. Sisi tumempa jina kwa kinywa cha bwana wake. Wao wamempa jina kwa mkono wake na kata aliyoishika. Msomaji ashike maneno haya mawili, kinywa na kata, maana cheo chote kimo kati ya hayo mawili.

Habari iliyo wazi kuliko zote juu ya kazi yenyewe tumeachiwa na Xenophon, Myunani aliyekwenda mwenyewe katika nchi za Waajemi mwaka 401 kabla ya Kristo pamoja na jeshi la kukodiwa. Kitabu chake juu ya malezi ya Koreshi si historia tupu. Mna mengi aliyoyabuni ili kufundisha. Lakini desturi za mezani kwa mfalme hakuwa na sababu ya kuzibuni. Asema kwamba wanyweshaji wa wafalme wale walikuwa watu wa adabu nyingi sana katika kazi yao: walimimina pasipo kumwaga hata tone, na kikombe walikishika kwa ncha za vidole vitatu, wakakitoa kwa namna ambayo mnywaji angekipokea kwa urahisi. Na kabla ya kukitoa, walichota kidogo kwa kata, wakatia katika kiganja cha mkono wa kushoto, wakanywa mbele ya mfalme. Sababu yake aitaja waziwazi: kama wametia sumu, basi isiwafae kitu.

Hapo ndipo anapotusimulia kisa cha Koreshi alipokuwa mtoto, amekwenda kumwamkia babu yake Astyages, mfalme wa Wamedi. Mnyweshaji wa Astyages aliitwa Sakas, mtu mzuri wa sura. Kijana hakumpenda, kwa maana Sakas ndiye aliyekuwa na amri ya kuwaingiza kwa mfalme watu wenye haja, na kuwazuia wale aliowaona wamekuja wakati usiofaa. Na mara nyingi mjukuu alizuiwa. Siku moja akaomba aruhusiwe kunywesha yeye. Akakisuuza kikombe vizuri, akakunja uso kama mtu mzima, akamwendea babu yake kwa madaha hata mama yake na mfalme wakacheka sana. Lakini hakuonja. Babu alipomwuliza kwa nini amemwiga Sakas katika yote isipokuwa katika hilo, mtoto alijibu kwamba aliogopa, maana alikuwa na hakika ndani ya bakuli mna sumu. Alikuwa ameona karamu ya siku ya kuzaliwa kwa babu, jinsi wakubwa wale walivyoharibika miili na akili, wakipiga kelele wote pamoja bila mmoja kumsikia mwenzake, wakijisifu nguvu zao na huku hawawezi hata kusimama, mfalme amesahau kwamba ni mfalme, na watu wake wamesahau kwamba ni watu wake. Nimewasomea wanafunzi kisa hiki mara nyingi, na siku zote hucheka mahali pale pale. Mwalimu anayefundisha habari za kiasi hatapata kilicho bora kutoka kwa Wayunani.

Lakini kwa shauri letu la leo jambo kubwa si ulevi, ni mambo mawili ambayo Xenophon ameyataja kana kwamba ni madogo. La kwanza, mnyweshaji huweka maisha yake rehani kila mara anywapo bwana wake. La pili, ndiye mlango: amwonaye mfalme humwona kwa idhini yake. Mambo haya mawili hayatengani. Mtu ambaye mfalme amemwamini kinywa chake, atamwaminije kidogo katika sikio lake? Basi ikawa desturi katika nchi nyingi kwamba mshika kikombe awe pia mpeleka maneno, mwenye siri, na mwisho mwenye nchi.

Sumu haikuwa hofu ya bure. Artashasta, bwana wa Nehemia, alipata kiti mwaka 465 kabla ya Kristo kwa sababu baba yake Xerxes aliuawa ndani ya nyumba yake, na aliyepanga uuaji huo alikuwa Artabanus, mkuu wa walinzi. Hakuuawa na maadui wa ng'ambo. Aliuawa na mtu aliyewekwa kumlinda. Kijana aliyekwea kiti kwa njia hiyo hakuhitaji kufundishwa na mtu kutazama nyuso za wale waliomkaribia. Na katika siku za Artashasta wa pili, kiasi cha miaka sitini na kitu baadaye, mama yake mfalme, jina lake Parysatis, alimwua mkwewe Stateira mezani. Wanawake hawa wawili walichukiana, na kwa hofu walikula chakula kimoja kilichotoka mkononi mwa mpishi mmoja. Plutarch asimulia kwamba Parysatis aliletewa ndege mdogo aliyepikwa, akamkata vipande viwili kwa kisu kilichopakwa sumu upande mmoja tu. Nusu iliyo safi akaila yeye, nusu nyingine akampa mwenziwe. Katika nyumba za namna hii hata kuonja hakukutosha. Alihitajiwa mtu ambaye moyo wake wajulikana.

Vile vile maji. Herodotus asema kwamba mfalme wa Waajemi, kila aendako vitani, huchukuliwa maji ya mto Choaspes upitao Shushani. Maji hayo huchemshwa, hutiwa katika mitungi ya fedha, na magari mengi ya magurudumu manne yavutwayo na nyumbu humfuata mfalme. Asingekunywa mengine. Kwa hiyo msomaji asidhani kazi ya mnyweshaji ilikuwa mvinyo peke yake.

Huyu Herodotus ndiye aliyetupa tena kisa kimoja kizito ambacho nadhani chapasa kusomwa pamoja na Nehemia 2. Prexaspes alikuwa mwaminifu mkubwa wa mfalme Cambyses, aliyetawala toka mwaka 530 hata 522 kabla ya Kristo, na mwanawe alikuwa mnyweshaji wa mfalme. Herodotus aongeza kwamba hiyo nayo haikuwa heshima ndogo. Siku moja Cambyses alimwuliza Prexaspes Waajemi wasemaje juu yake. Akajibu kwamba wamsifu kwa yote, ila wasema apenda mno mvinyo. Mfalme akakasirika. Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Mfalme akasema atamlenga kwa mshale, na kama akimpiga katikati ya moyo, basi Waajemi ni waongo na yeye hakulewa. Akavuta uta. Kijana alipoanguka, akaamuru mwili upasuliwe, na mshale ukaonekana moyoni. Na baba mtu, kwa kuiogopa nafsi yake, akasifu shabaha ya mfalme.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukaribu wa wafalme wale. Heshima kubwa na kifo cha ghafula vilikaa mlango mmoja.

Katika nchi ya Waashuri cheo hiki kilikuwa kimepanda hata kikaacha kikombe nyuma kabisa. Wasomaji wengi wa Wafalme wa Pili sura ya 18 hudhani Rabshake ni jina la mtu. Sivyo, ni cheo, na maana yake ni mkuu wa wanyweshaji. Mtu huyu alikuwa mmoja wa wakuu wachache wa dola, mwenye jimbo lake kaskazini katika mpaka wa adui, na mwenye kuongoza majeshi. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu alipoizingira nchi ya Hezekia, yeye ndiye aliyesimama karibu na mfereji wa birika la juu akasema kwa Kiyahudi mbele ya watu waliokuwa ukutani, na wajumbe wa Hezekia wakamsihi aseme kwa Kiaramu ili watu wasisikie. Mshika kikombe aliyejua lugha ya maadui wa bwana wake! Kwangu neno hili laonyesha wazi kwamba walichaguliwa watu wenye akili, si wenye mikono mizuri tu. Na zamani zaidi, katika nchi ile ile ya mito miwili, orodha ya kale ya wafalme yasema kwamba Sargon wa Akadi, aliyesimamisha dola kiasi cha mwaka 2334 kabla ya Kristo, alikuwa kwanza mnyweshaji wa Ur-Zababa, mfalme wa Kishi.

Misri nayo ina yake. Kisa cha Mwanzo sura ya 40 twakijua sote: mkuu wa wanyweshaji na mkuu wa waokaji wametiwa gerezani pamoja. Kwa nini hawa wawili, wala si mtunza farasi au mtunza mavazi? Kwa sababu mikononi mwao wawili hupita kila kitu kiingiacho kinywani mwa Farao. Ukizuka uvumi wa sumu, hawa ndio wa kwanza kushikwa. Walimu wa Kiyahudi wa kale walisimulia kwamba nzi alionekana katika kikombe na kijiwe katika mkate. Huenda ikawa ni masimulizi tu, lakini waliyaelewa mambo ya mezani. Na yule mnyweshaji aliporudishwa mahali pake, akamsahau Yusufu miaka miwili mizima. Jambo la aibu, ila halishangazi. Mtu aliyenusurika upanga hapendi kumkumbusha mfalme habari za gereza.

Hati za Wamisri wenyewe zaonyesha jambo hili kwa mwanga mkali zaidi. Kiasi cha mwaka 1155 kabla ya Kristo palifanyika njama ndani ya nyumba ya wanawake ya Farao Ramesses wa tatu, na mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba picha za mionzi za maiti yake zaonyesha koo limekatwa kwa kisu. Hati ya kesi ile ingaliko, imehifadhiwa Turin katika nchi ya Italia. Katika waamuzi 12 waliochaguliwa, kadhaa walikuwa wanyweshaji wa mfalme, na baadhi yao majina yao si ya Kimisri. Walikuwa wageni walioinuliwa na kuaminiwa kwa sababu hawakuwa na ukoo nchini wa kuupigania. Hapo tena twamkumbuka Nehemia, Myahudi katika nyumba ya Mwajemi. Lakini hata miongoni mwa washitakiwa walikuwamo wanyweshaji. Na baada ya hayo baadhi ya waamuzi walionekana wamekunywa pombe na kustarehe pamoja na wanawake walioshitakiwa; wakakatwa pua na masikio, na mmoja wao, aliyekuwa mnyweshaji, akajiua.

Habari za Ulaya nitazipita upesi. Jina la cheo lilidumu huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Katika Dola Takatifu ya Kirumi, kwa sheria kuu ya mwaka 1356, Mfalme wa Bohemia ndiye aliyeitwa mnyweshaji mkuu wa Kaisari, naye bila shaka hakuosha vikombe. Wasomaji makasisi watapenda kujua pia kwamba katika Misa kuu ya Papa, mpaka liturujia ilipogeuzwa katika karne ya 20, palikuwa na desturi ya kuonja: mkate, divai na maji vilionjwa kwanza na mtunza vyombo vitakatifu, ndipo vikaletwa altareni. Desturi hiyo haikutoka katika Injili. Ilitoka katika nyumba za wafalme.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya. Katika makabila mengi ya nchi zetu mwenyeji aletaye pombe huonja yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo akatoa kibuyu. Wazee husema ni kumwondolea mgeni mashaka. Mtoto aliyekulia kijijini ameliona jambo hili mara nyingi, naye akifundishwa hivyo hatacheka tena asikiapo habari za Shushani. Nyumba ya Kabaka wa Buganda ilikuwa na wakuu wawili katika mambo haya, Seruti mwenye kusimamia pombe ya mfalme, na Kauta mwenye kusimamia jiko. Asomaye Mwanzo 40 akiwa Mganda huwaona wawili hawa mara moja. Wala vyeo hivi havikuwa vya watwana. Seruti na Kauta walikuwa watu wa kuheshimiwa katika nchi.

Na katika nyumba hiyo ya Buganda lilitokea jambo ambalo Wakristo wa Afrika ya Mashariki wasingepaswa kulisoma bila kukumbuka habari za mnyweshaji. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mkuu wa vijana waliomtumikia Kabaka Mwanga ndani ya nyumba yake, mtu wa kuaminiwa tangu siku za Mutesa. Mwishoni mwa Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Waanglikana aliuawa katika Busoga kwa amri ya Mwanga, na Mukasa, aliye Mkatoliki, akathubutu kumwambia mfalme kwamba haikuwa haki kumwua mgeni asiyesikilizwa. Kisha mfalme akaugua macho. Padre Lourdel akatoa dawa, kidonge chenye afyuni, naye Mukasa ndiye aliyekuwa karibu na mfalme katika kuinywa. Dawa ikamsumbua Mwanga vibaya, akaamini ametiliwa sumu ili kulipiza kisasi cha askofu. Sababu za kumchukia Mukasa zilikuwa nyingi, na wakuu wengine walizichochea. Lakini hofu iliyowasha moto ilikuwa ni ile ile ya Farao, kwamba mkono unaokaribia kinywa changu umegeuka. Tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa akauawa, wa kwanza katika mashahidi Wakatoliki wa Uganda, akimwachia mfalme neno la kumsamehe na kumsihi atubu. Wenzake wengi walikufa Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Sasa turudi Shushani. Tusome tena sura ya pili ya Nehemia, tukiwa na hayo yote mbele yetu.

Ndugu yake Hanani alimletea habari za Yerusalemu katika mwezi wa Kisleu. Alisema na mfalme katika mwezi wa Nisani. Kati ya miezi hiyo imepita kama minne, na katika siku hizo zote alifunga na kuomba, huku akishika kikombe kwa uso wa furaha kila ilipofika zamu yake. Asema mwenyewe kwamba hakuwahi kuwa na huzuni mbele ya mfalme. Uso wa mnyweshaji haukuwa mali yake. Ulikuwa sehemu ya kikombe. Mnyweshaji mwenye huzuni ni nani? Ni mtu mwenye neno moyoni, na mtu mwenye neno moyoni, akiwa ameshika kinywaji cha mfalme ambaye baba yake aliuawa na mlinzi wake, ana maneno ya kujibu. Artashasta alipomwambia kwamba hakuwa mgonjwa, basi hii si kitu ila ni huzuni ya moyo, swali lile halikuwa la upole tu kama nilivyowafundisha watoto zamani. Lilikuwa na makali ndani yake. Ndiyo sababu aliogopa mno.

Tena yalikuwapo mengine. Ezra sura ya 4 yatuambia kwamba Artashasta ndiye aliyeamuru mji wa Yerusalemu usijengwe mpaka yeye mwenyewe atoe amri. Kwa hiyo Nehemia hakuomba fadhili mpya. Alimwomba mfalme aitangue amri yake, naye ni mtu wa taifa lile lile lililoshitakiwa kuwa la uasi. Tazameni jinsi alivyosema. Hakutaja Yerusalemu kwa jina hata mara moja. Alisema mji wa makaburi ya baba zake. Mwajemi aliyaheshimu makaburi ya wafalme wake. Miaka ya kusimama mlangoni na kupima wakati ufaao kwa haja za wengine ilikuwa imemfundisha kupima wakati wa haja yake. Alipoulizwa ataka nini, aliomba Mungu kimoyomoyo, kisha akajibu bila kusita, na hesabu yake ilikuwa tayari: muda wa safari, barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua kwa Asafu mtunza msitu. Hata jina la mtunza msitu alilijua. Naye malkia alikuwa ameketi karibu. Nehemia amelitaja neno hilo bila kueleza, nami nadhani hakulitaja bure.

Wataalamu wengine wameuliza kama Nehemia alikuwa towashi. Swali hilo limetoka katika nakala za Kiyunani za Agano la Kale: baadhi zaandika oinochoos, yaani mmimina mvinyo, na nyingine eunouchos, yaani towashi, na maneno hayo mawili yafanana kwa macho ya mwandishi aliyechoka. Kiebrania hakina shaka. Kina mashke tu. Walikuwapo matowashi katika nyumba ya Waajemi, lakini mwana wa Prexaspes hatusikii kwamba alikuwa mmoja wao. Mwalimu asilipeleke swali hili darasani isipokuwa ameulizwa.

Limebaki shauri la maneno. Wako wanaotaka mnyweshaji liondolewe, waweke mtumishi wa mfalme, au mwandikaji wa meza, ili watoto wasicheke. Mimi nakataa. Mtumishi ni neno pana mno, halina kikombe ndani yake. Na mwandikaji huandika sahani, hawekewi rehani maisha yake. Neno mnyweshaji, ambalo tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 imelitumia kwa Yusufu na kwa Nehemia pia, lina kile kile kilichomo katika Kiebrania, hata na kondoo wa Labani. Kicheko cha darasa ni mlango mzuri wa kuingilia, kama mwalimu anajua cha kusema baadaye.

Juu ya kinywaji chenyewe, sehemu nyingi za pwani mvinyo limekuwa jina la kila kileo kikali, ingawa Wareno waliotuachia neno hilo walikuwa na maana ya maji ya zabibu tu. Divai, tuliyoipata kwa Wafaransa, imekaa zaidi kanisani. Basi kwa meza ya Artashasta ni afadhali kusema divai, na mtoto wa nyumba isiyogusa pombe aambiwe mambo yalivyo: ilikuwa divai kweli, ililevya kweli, na Nehemia aliionja kila siku, tone katika kiganja cha mkono wa kushoto. Na penye Rabshake, mwalimu aongeze kwa mdomo, "yaani mkuu wa wanyweshaji," kisha awape wanafunzi dakika moja wafikiri ni mnyweshaji gani huyu aliyekuja na jeshi.